Nani Mwenye Jeuri? Hasira ya Vijana wa Rika la Balehe katika Fasihi ya Kiswahili, kutoka Bagamoyo hadi Darasani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna fasihi ya Kiswahili inavyoitaja na kuisimulia hasira ya vijana wa rika la balehe wanapokwazwa. Tunadai kwamba lugha huipokea hasira ya mkubwa kama hisia yenye sababu, na hasira ya mdogo kama kasoro ya tabia; na kwamba neno linalobeba kazi hiyo kuliko mengine yote ni jeuri. Uchambuzi unaanza na semantiki ya neno hilo, unapitia nathari ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo (1903) pamoja na mila za unyago za pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kisha unasoma upya baadhi ya riwaya na tamthilia zinazojulikana sana mashuleni. Mwishoni tunaitazama sanaa ya maonyesho ya wanafunzi, ambako kijana ndiye mtunzi.

Vitenzi vya kununa na vitenzi vya kufoka

Kijana wa pwani aliyekwazwa ana mengi ya kufanya, na Kiswahili kina neno kwa kila moja. Hununa. Husonya. Hubinua midomo. Hususa mchezo, huzira chakula ilhali njaa inamuuma, hufura, huvimba, huweka kinyongo, hujibu kwa mkato, hubamiza mlango. Ukiuondoa msonyo na mlango, vitenzi vingi vilivyobaki vinaeleza mtu anayejiondoa au anayejinyima. Anayesusa hukataa kilicho chake. Anayezira hujiadhibu mwenyewe kwanza. Hata kufura na kuvimba ni picha za kitu kilichojaa ndani kisipate pa kutokea.

Mkabala na hivyo upo mkururo mwingine: kukemea, kukaripia, kugomba, kufoka, kughadhibika. Hivi vina mwelekeo, na mwelekeo wake ni wa kushuka. Baba humkaripia mwana. Mwalimu hulikemea darasa. Ukigeuza na kusema kwamba mwana alimkaripia baba, sarufi haijavunjika, lakini msikilizaji amekwishajua kwamba anasimuliwa kashfa. Na mtu mzima akinuna, tunasema amefanya utoto.

Wahakiki wa fasihi yetu wameandika sana kuhusu mgogoro wa vizazi, na kwa kawaida wameuona kama mgongano wa thamani: ukale na usasa, kijiji na mji, ndoa ya kuchaguliwa na ndoa ya kupendana. Swali letu hapa ni dogo kuliko hilo, na huenda kwa sababu hiyo limepitwa. Katika tukio fulani la riwaya au tamthilia, nani ameruhusiwa kukasirika? Hasira ya nani imepewa sababu, na ya nani imepewa jina la tabia?

Saikolojia inatusaidia kwa kiasi. Mwaka 1904, G. Stanley Hall wa Marekani alilieleza rika la balehe kuwa ni kipindi cha dhoruba, na picha hiyo imedumu kuliko ushahidi wake. Mwaka 1939, John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walidai kwamba uchokozi hutanguliwa na kukwazwa: mtu anazuiwa kulifikia lengo, nguvu iliyokuwa inalielekea lengo hilo inageukia kwingine. Dai lao lilirekebishwa sana baadaye, kwani si kila anayekwazwa hushambulia. Wapo wanaolia, wapo wanaonyamaza, wapo wanaotafuta njia nyingine. Hata hivyo, kwa mhakiki nadharia hiyo ina faida moja kubwa: inamlazimisha atafute kizuizi kabla ya kutafuta tabia. Tukumbuke pia kwamba wepesi wa kukasirika katika umri huo ni sehemu ya ukuaji, na kwamba huongezeka au hupungua kutegemea usingizi, njaa, na zaidi ya yote jinsi wakubwa wanavyojibu.

Historia fupi ya neno jeuri

Methali ya Hasira hasara imezoeleka hata hatuisikii tena. Inayaweka pamoja maneno mawili ambayo sauti zake zinakaribiana ingawa mizizi yake ya Kiarabu ni tofauti: hasara inatokana na neno la kupata hasara, na hasira inahusishwa na neno linalomaanisha huzuni na majuto. Kwa hiyo katika asili yake hasira ina uchungu ndani yake. Bado tunasikia mwangwi huo tunaposema mtu ana uchungu na jambo, tukimaanisha kwamba amekasirika na ameumia kwa pamoja.

Jeuri ina historia ya kushangaza zaidi. Asili yake ni jawr, neno la Kiarabu linalomaanisha dhuluma, uonevu, kupotoka kwa mwenye mamlaka. Kamusi sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 bado inalipa neno hili maana za ukatili, shambulio na uonevu, na mtu jeuri katika kamusi hiyo anakaribia kuwa dhalimu. Jeuri, basi, ilikuwa dhambi ya mwenye nguvu dhidi ya asiye na nguvu. Leo mzazi wa Bagamoyo au wa Bunju akisema binti yake ana jeuri, hamaanishi kwamba binti anamdhulumu mtu. Anamaanisha kwamba binti hajibu kwa adabu, hatii, anatazama juu anapotakiwa kutazama chini. Neno limehama kutoka kwa mtawala hadi kwa mtawaliwa.

Ni kweli kwamba asili ya neno haitawali matumizi yake, na mtu anayejenga hoja nzima juu ya etimolojia anajenga juu ya mchanga. Lakini hapa tuna ushahidi wa pili kutoka katika Kiswahili cha leo. Mtu husema hana jeuri ya kununua gari, akimaanisha kwamba hana uwezo. Jeuri ya fedha ni nguvu ya fedha. Maana ya nguvu, kwa hiyo, haijafa. Imekaa chini ya maana ya ufidhuli kama maji chini ya mchanga wa mto. Tukimwambia kijana kwamba ana jeuri tunamwambia, bila kujua, kwamba ametumia nguvu ambayo si yake. Lawama haiko katika hasira yenyewe. Iko katika cheo cha aliyekasirika.

Kijana asiye na jina

Kitabu cha kwanza kinachotufaa katika uchunguzi huu kilitoka Bagamoyo. Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Humo mtoto anazaliwa, anakua, anakabidhiwa kwa mwalimu wa chuo, anapelekwa jandoni au anawekwa ndani, anafundishwa adabu za salamu na za kukaa mbele ya wakubwa, anaozwa. Kitabu kilitoka mwaka mmoja tu kabla ya kile cha Hall, na tofauti yao katika kulitazama rika la balehe ni kubwa kuliko bahari iliyo kati yao. Kwa Hall, balehe ni tukio la ndani ya mtu. Kwa Mtoro ni jambo linalofanywa na watu kwa mtu.

Tofauti hiyo imo katika sarufi. Nathari ya desturi hujengwa kwa hu- ya mazoea na -ki- ya masharti: mtoto akifika umri fulani hupelekwa mahali fulani, akikosa hufanywa hivi. Katika nathari ya namna hiyo hakuna mtu mmoja. Kuna mtoto, kuna mwali, kuna kungwi. Na pasipo mtu mmoja hakuna hasira, kwa kuwa hasira ni ya fulani siku fulani. Kijana wa Bagamoyo aliyenuna usiku wa kuamkia jandoni hana nafasi katika hu-. Si kwamba Mtoro alimficha. Utanzu haukuwa na kiti cha kumkalisha. Hiki ni kikwazo cha fani, na ni muhimu kukitambua kabla ya kuhitimisha, kama wanavyofanya baadhi ya wanaosifu malezi ya kale, kwamba vijana wa zamani hawakuwa na hamaki.

Mwandishi mwenyewe alikuja kuonja hali ya kufanywa mtoto. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na walipofunga safari kurejea pwani mwaka uliofuata, watawala wa kikoloni waliwazuia kushuka. Mtu mzima, mwalimu, mwandishi, alizuiwa kuingia nchini kwake na watu waliojiona ndio wakubwa wake.

Mila za pwani hii, hata hivyo, hazikuiacha hasira ya kijana bila mahali. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wazaramo kaskazini ya Dar es Salaam na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza kwa kina maisha ya mwali aliyewekwa ndani. Mwali ananyamaza. Hatazami watu usoni. Wazaramo na Wakwere walimpa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze na kukisuka kana kwamba ni mtoto wake. Ukiyatazama haya kwa jicho la vitenzi tulivyoorodhesha, utaona jambo ambalo wachambuzi wa unyago, wakishughulishwa zaidi na uzazi na ndoa, hawakulitilia mkazo. Mila inachukua tabia ileile ya msichana aliyenuna, kujitenga, kunyamaza, kutotazama, na kuifanya kuwa wajibu. Mnuno unageuzwa kuwa heshima. Kisha, siku ya kutolewa, mwali anabebwa mabegani na kuchezewa ngoma mbele ya kadamnasi, na wanawake wanaimba yale ambayo siku nyingine hayatamkiki.

Utani nao ulikuwa mlango. Mjukuu wa pwani anaweza kumwambia bibi yake maneno ambayo akimwambia mama atachapwa. Bibi atacheka, atamrudishia maneno makali zaidi, na jioni watakula pamoja. Hii si kusema kwamba jando na unyago vilikuwa pepo ya vijana. Jandoni kijana alitishwa, alipigwa na kutukanwa, na sehemu ya mafunzo ilikuwa ni kukwazwa makusudi ili ajifunze kuvumilia. Tunachosema ni kwamba kulikuwa na muda wa kununa, na ulikuwa na mwisho unaojulikana na watu wote. Shule ya sekondari ya bweni iliurithi ukali wa kumbi bila kuurithi mwisho wake.

Barua, sinema na karatasi za sensa

Sasa inatubidi kutoka Bagamoyo kwa muda, kwa kuwa riwaya na tamthilia zilizomwekea kijana jina na siku ziliandikwa kuhusu mahali pengine: Ukerewe, Unguja, Dar es Salaam. Zinarudi pwani yetu kupitia darasani, na huko tutazifuata.

Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamweka Zakaria, baba mlevi, mbele ya barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana aitwaye Charles. Zakaria anampiga Rosa. Hasira ya baba ina sababu inayoshikika mkononi, ina saa yake, ina mashahidi. Msomaji anaweza kuichukia lakini hawezi kusema haielewi. Hasira ya Rosa iko wapi? Hakuna tukio linaloibeba. Kwa kurasa nyingi tunamwona msichana anayeogopa, kisha shuleni anachekwa na wenzake kwa kuwaogopa wanaume, kisha anadanganywa na Deogratias, Bwana Maendeleo, na kuanzia hapo maisha yake yanageuka. Wasomaji wengi wamekuwa wepesi kuliita geuko hilo uasherati, na riwaya ilizuiwa mashuleni kwa muda. F. E. M. K. Senkoro, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu kahaba katika fasihi ya Kiafrika, alituelekeza kwenye hali za kijamii, na alifanya vyema. Tungependa kuongeza kwamba mwenendo wa Rosa unafuata sarufi ya kususa. Anakataa kilicho chake. Anajitupa kama mtoto anavyousukuma mbali mlo anaoutaka, ili aliyemkosea aone. Kujiua kwake ni kuzira kulikofika mwisho. Baba aliyepiga alikuwa na kitenzi kinachoshuka. Binti alibaki na vitenzi vinavyorudi ndani.

Said Ahmed Mohamed alifanya kazi bora zaidi katika nusu ya kwanza ya Utengano (1980). Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani, na mwandishi anahakikisha kwamba tunaiona nyumba ile kwanza kabla ya kumwona binti akifanya lolote. Kizuizi kina kuta. Kwa hiyo, baada ya Tamima kufukuzwa na Maimuna kuondoka, hakuna msomaji makini anayeuliza binti huyu kapata wapi jeuri. Neno lenyewe linarudi kwa mwenyewe wa kale: mwenye jeuri katika riwaya hii, kwa maana aliyoijua Johnson, ni Maksuudi. Lakini nusu ya pili haina ujasiri huo. Maimuna anapofika kwa Mama Jeni, simulizi inaanza kumhesabia makosa, na mtu aliyekuwa na hasira ya haki anakuwa mfano wa kuonya. Riwaya inayajua mazingira yaliyomkasirisha lakini haijui la kufanya na hasira yake isipokuwa kuiadhibu.

Tamthilia ina bahati ya kutokuwa na msimulizi wa kumwita mtu jeuri. Wahusika tu ndio wanaoitana hivyo, nasi tunaweza kuwapinga. Hilo ndilo linaloifanya Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, kazi ya ujana wake, iwe hai bado. Tatu anataka kwenda sinema na Swai. Mama anakataa. Jambo ni dogo hivyo, na udogo wake ndio ukweli wake: hamaki ya umri huo haihitaji jambo kubwa, inahitaji kukataliwa kunakokuja baada ya kukataliwa kwingine kwingi. Tatu anapewa zamu ya kuzungumza na anaitumia. Hata hivyo, mahali pa msimulizi pamekaliwa na methali. Ukuta wa wakati unamuumiza anayepigana nao, lakini anayepigana ni nani? Husemwa kwamba ni mama, anayejaribu kuzuia mabadiliko. Lakini uhusiano wa Tatu na Swai unaishia pabaya, na anayeumia zaidi ni binti. Hussein ameiacha methali itazame pande zote mbili, na huo ni uamuzi wa kisanaa wa hali ya juu kwa mwandishi aliyekuwa angali kijana. Kwa bahati mbaya ni rahisi mno kuisoma kwa upande mmoja.

Linganisha sasa na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba (1988). Karani wa sensa anafika kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na mzee anapogundua mambo hayo anazichoma karatasi za sensa. Tukipima kwa madhara, hakuna kijana katika kazi zote tulizozitaja aliyefanya uharibifu wa kiasi hicho kwa hasira. Mitomingi ameteketeza kazi ya serikali. Lakini ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba Mitomingi ana jeuri, au kwamba hajalelewa vyema. Tunasema amekasirika, na mara moja tunaongeza sababu: ameingiliwa nyumbani kwake. Tunamfanyia mzee kile ambacho nadharia ya 1939 ilitaka kifanyiwe kila mtu, yaani kutafuta kizuizi kwanza. Katika Rosa Mistika karatasi moja ya barua inatosha kuhalalisha kipigo machoni pa Zakaria. Katika Ngoswe furushi zima la karatasi linateketea na aliyelichoma anabaki na heshima ya ubaba.

Ujumbe: vijana wawatii wazazi

Kinachofanya jambo hili lisiwe la kitaaluma tu ni kwamba wasomaji wakuu wa kazi hizi ni vijana wa rika linalosimuliwa. Ngoswe, Kilio Chetu na Watoto wa Mama Ntilie zimekuwa katika orodha ya vitabu vya sekondari kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne huzichambua kwa utaratibu unaojulikana: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika. Chini ya migogoro ataandika kwamba kuna mgogoro kati ya wazazi na vijana. Chini ya ujumbe ataandika kwamba vijana wawatii wazazi. Chini ya dhamira, kwa hakika kabisa, ataandika mmomonyoko wa maadili. Istilahi hii ya mwisho imekuwa kama mhuri wa posta: ukigongwa, bahasha haifunguliwi. Anayeandika ana miaka kumi na sita, labda alibamiza mlango asubuhi ileile, na anapewa alama kwa kujihukumu.

Kazi zenyewe haziungi mkono usomaji huo. Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990, inaulaza mzigo mabegani mwa wazazi wanaobishana iwapo watoto waelezwe kuhusu mapenzi na UKIMWI au wasielezwe. Ukimya wa wakubwa ndio unaoua. Na Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama Ntilie (2002), amekipa kizuizi sura isiyoweza kupingwa: Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa sababu ya ada na sare. Kizuizi hapa si msimamo wa baba wala wivu wa mila. Kina bei, na mama muuza chakula hana hiyo bei. Hana jeuri, kwa maana ile nyingine ya neno.

Pamoja na hayo, tunaona upungufu katika riwaya ya Mbogo, nao ni upungufu wa huruma nyingi. Watoto wake wanateseka kiasi kwamba msomaji anawalilia, na machozi hayo yanachukua nafasi ya hasira yao. Mtoto wa riwaya hii anaruhusiwa kuumia. Haruhusiwi sana kukasirika. Yaelekea fasihi yetu imempa kijana aliyekwazwa viti viwili tu, cha mkosaji na cha mwathirika, na mkosaji akiketi vizuri tunamhamishia kwenye kiti cha mwathirika. Kijana aliyekasirika kwa haki, asiye mhalifu wala si wa kulilia, ambaye hasira yake ni taarifa kuhusu ulimwengu, hana pa kuketi.

Hasira iliyovaa koti la mwalimu

Tunarudi Bagamoyo. Mwaka 1981 mji huu ulipata Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la kila mwaka limewaleta wasanii na watazamaji katika mji uliokuwa unasemwa kwa magofu yake tu. Kabla ya hapo, kati ya 1975 na 1979, mradi wa utafiti wa Jipemoyo ulikuwa umefanya kazi katika wilaya hiyohiyo, watafiti wakishirikiana na wanavijiji badala ya kuwachunguza kwa mbali. Bagamoyo imo pia miongoni mwa mahali ambako Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa ya maonyesho kwa maendeleo katika miaka ya 1980. Kitabu chake cha 1991 kinaieleza. Katika kazi hiyo msanii haendi na mchezo. Anakwenda na swali, na mchezo unatungwa na wenye tatizo.

Mwaka 1996 wazo hilo liliingia mashuleni kupitia mradi wa TUSEME, ulioanzishwa na Mlama, Amandina Lihamba na wenzao kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Wanafunzi wanataja mambo yanayowazuia katika masomo na katika maisha yao, wanayachambua, wanayatungia mchezo, wanauonyesha mbele ya jumuiya ya shule, walimu wakiwamo, kisha watazamaji wanajadili. Kwa mhakiki, hatua ya kwanza ndiyo yenye uzito. Mchezo unaanza na kizuizi. Tatizo linatajwa kabla ya tabia, na anayelitaja ndiye aliyekwazwa. Hakuna riwaya katika zile tulizozisoma iliyoanzia hapo, isipokuwa Utengano kwa nusu yake na Watoto wa Mama Ntilie kwa njia yake ya machozi.

Jina lenyewe la mradi lina la kutufundisha kisarufi. Ni kitenzi cha dhamira tegemezi, wingi, nafsi ya kwanza. Hakishuki kama kukaripia wala hakirudi ndani kama kuzira. Kinaomba ruhusa na kujipa ruhusa kwa wakati mmoja, kama lugha ya adabu ya pwani inavyofanya mara nyingi. Yaelekea watunzi waliliona hilo; kama hawakuliona, Kiswahili kiliwaonea.

Wala tusidhani kwamba jukwaa la shule limemaliza tatizo. Maonyesho ya namna hii yana tukio ambalo ni vigumu kuliepuka, nalo ni mwanafunzi anayeigiza mwalimu au mzazi. Anaazima koti, au kanga ya kujifunga kiunoni, au miwani isiyo na vioo. Anashika fimbo. Anafoka, anakemea, anakaripia, na ukumbi unalipuka kwa kicheko kwa kuwa kila mtu anamjua anayeigwa. Msichana aliyeigiza mwanafunzi anainamisha kichwa na kunyamaza. Tukitazama kwa makini tutaona kwamba hasira yote iliyoko jukwaani imetoka kwa vijana, lakini ili itoke kwa sauti imelazimika kuvaa nguo za mkubwa. Vitenzi vinavyoshuka bado ni vya mwenye koti. Mwigizaji anayebaki na sare yake ya shule angali na vitenzi vilevile vya kununa, na mtunzi, ambaye ni kijana kama yeye, hajampa vingine.

Michezo hii hutungwa kwa majaribio, hubadilika kati ya onyesho moja na jingine, na mara nyingi mwili wa mwigizaji ndio mswada wake pekee. Msonyo hauandikiki kwa herufi, na mchezo ambao nusu ya maana yake imo katika msonyo haujitoi kwa urahisi kwa mhakiki aliyezoea kitabu. Lakini ndimo tunamoweza kupima iwapo msichana wa Bagamoyo au wa Bunju, akiwa katika sare yake, akitazama mbele, ataweza kusema amekasirika na kwa nini, bila mtu yeyote katika mstari wa mbele kulitamka lile neno la Johnson.